Kiti cha Baba na Taa ya Kusimama

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, nami nimeanza kuandika. Daftari lenyewe ni la vipimo vya mapazia. Kurasa za mbele zimejaa upana na urefu wa madirisha ya watu, za nyuma zilikuwa tupu, basi nimeligeuza.

Kaka amepiga simu. Kwa mara ya kwanza tangu tulipogombana hakuanza na habari ya kupangisha nyumba. Amesema mama anataka kurudi, amewakosesha raha kutwa kucha: nipelekeni kwangu, nipelekeni kwangu.

"Mvua ikiisha, barabara ikikauka, nitamleta," alisema. "Wiki mbili za majaribio. Akiweza kuishi hapo, abaki. Akishindwa narudi naye moja kwa moja, na nyumba tunaweka wapangaji. Wewe utakuja huku au utatafuta chumba, utachagua mwenyewe. Usije ukasema sikukwambia."

Nikamuuliza mama ashindwe nini katika nyumba aliyoishi miaka zaidi ya hamsini. Akasema, "Mama ni mtu mzima sana sasa, mdogo wangu," kisha akaniuliza habari za mvua.

Miezi kumi na minne. Aliondoka na begi dogo kwenda kutibiwa macho huko anakoishi kaka, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alisema miezi miwili tu. Nilikwenda kumwona mara moja, mwanzoni kabisa. Halafu mimi na kaka tukagombana, nikanuna, na kila nilipotaka kwenda tena mama mwenyewe alinizuia: "Usijisumbue, nakuja." Tangu baba afariki tulikuwa tunaishi wawili hapa, mimi na cherehani yangu chumba cha nyuma, yeye na sauti yake sebuleni. Mpaka leo napika chai ya vikombe viwili kwa mazoea. Cha pili nakinywa kimeshapoa.

Jumatano, 5 Machi

Miaka ishirini na sita napanda ngazi katika nyumba za watu kuwatundikia mapazia. Nimeona sebule za kila namna, na jioni narudi hapa, nafungua mlango, naona aibu. Leo nimesimama mlangoni nikaikagua nyumba yetu kama ya mteja.

Baba alikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji. Nyumba hii aliichora mwenyewe, akaijenga mwaka aliozaliwa kaka, wakati kila kijana wa ofisini alitaka vitu vya kisasa: paa linaloelemea upande mmoja, madirisha mapana ya vyuma, sakafu ya saruji nyekundu. Ni ndogo lakini imekaa vizuri. Samani nazo ni za wakati uleule. Kuna kabati refu la chini lenye milango ya kusukuma, kuna meza ya kulia yenye miguu ya mshazari, na kuna kiti cha baba, cha mbao nzito na mikono mipana. Kwenye mkono wa kulia baba alichonga kijifereji kwa kisu ili penseli yake isibiringike.

Hakuna hata kimoja kilichowahi kusogezwa. Kila Jumamosi mama alipiga magoti akapaka sakafu nta, akizungusha kitambaa kwenye miguu ya viti badala ya kuviinua. Ukimwambia tujaribu kuweka kabati upande wa dirisha, anakujibu, "Limekukosea nini hapo lilipo?"

Sasa hayupo wa kuniuliza hivyo. Nitaipanga nyumba hii, vya zamani vichanganyike na vya kisasa, mpaka mama akiingia aseme mwenyewe, mbele ya kaka, kwamba haondoki. Sina silaha nyingine.

Jumamosi, 8 Machi

Mama amepiga. Simu anashikiwa na wifi, mke wa kaka, nasikia anavyopumua pembeni.

"Kiti cha baba yako kipo palepale?" mama ameuliza kabla hata sijamwamkia vizuri.

"Kipo, mama."

"Na kabati?"

"Lipo."

"Na meza, haijasogea?"

"Mama, unataka kuinunua hii nyumba au vipi?"

Akacheka. Kicheko kile kilinikaa kifuani mpaka jioni. Nikamuuliza macho. "Macho yapo, mwanangu," alisema. "Tunashukuru Mungu."

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nimeshona marinda ya watu mpaka vidole vimekufa ganzi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepaka sebule rangi. Kuta tatu nyeupe, moja kijani iliyopauka, ile ya jani la mgomba likianza kukauka. Mkono umenivimba lakini nimekaa sakafuni nikautazama ukuta huo saa nzima kama mwehu.

Wifi amepiga mchana, peke yake, sauti ya chini. "Nasikia unapaka rangi, wifi yangu."

"Ndiyo."

"Rangi sawa. Ila vitu usivisogeze sana. Mama ameshazoea vilivyokuwa."

Nikamjibu kwamba mama yangu namjua. Akasema, "Haya, wifi," akakata. Mama yangu anaye yeye miezi kumi na minne, na sasa anataka kunipangia na sebule. Watu wengine hawashibi.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimefanya jambo, na bado sijui kama nimefanya vizuri.

Kuna mzee anauza vitu vya zamani nyuma ya soko, sote tunamwita Makorokoro, naye huitika. Nilikwenda kutafuta kishikio cha kabati. Pembeni, nyuma ya rundo la fremu, nikaona taa ya kusimama. Mguu wa shaba nyeusi, mwembamba, kofia ya kitambaa pana kama sufuria, imetengenezwa enzi zilezile za nyumba yetu. Makorokoro akaichomeka. Balbu yake ni ya zamani, ile inayochoma ukiikaribia. Pale dukani, katikati ya vyuma na vumbi, palikuwa pazuri ghafla.

Nikamwona mama chini ya taa hiyo. Jioni anapenda kusoma gazeti, hata la wiki iliyopita, na balbu yetu ya sebuleni iko juu kule darini, haimsaidii mtu. Macho yaliyotoka kutibiwa yanahitaji mwanga wa karibu.

Makorokoro hakutaka kitu kingine ila kiti cha baba. Alikiona zamani, alipokuja kutupa pole ya msiba, na hajakisahau. Nimejadiliana naye weee, hatikisiki. Kiti chenyewe springi zimetoka, kitambaa kimechanika, na toka baba afe hakuna aliyekikalia. Mteja wangu mmoja anahama, ananiachia sofa la kisasa la kijivu, la chini, miguu myembamba, na sehemu ya kuliweka ni ileile ya kiti, hakuna nyingine.

Makorokoro alikuja na mkokoteni wakati mvua imepumzika. Kiti kilipopita mlangoni nilipitisha kidole kwenye kijifereji cha penseli. Kisha nikaenda jikoni nikajishughulisha na vyombo.

Jioni mama akapiga. "Kiti cha baba yako kipo palepale?"

"Kipo, mama."

Nitamwambia akishaiona taa.

Jumanne, 1 Aprili

Paa linavuja juu ya jiko. Ndoo moja, sufuria mbili.

Jumamosi, 5 Aprili

Sofa limefika. Limegoma kuenea pale pa kiti cha baba, mlango wa chumbani unaligonga, kwa hiyo limekwenda ukuta wa kijani, na kabati la baba limehamia chini ya dirisha, meza ya kulia imesogea karibu na jiko. Katikati nimetandika zulia, juu yake meza fupi ya kioo. Pale pa kiti pamebaki wazi, panapumua. Kabati nimelisugua kwa mafuta, mbao zimeamka. Zamani imekaa na usasa na hakuna anayemwonea mwenzake haya.

Nimekaa kila mahali kwa zamu. Kwenye kona ya sofa, palipo na taa, nimeacha nafasi ya mama, sijapakalia.

Jumapili, 6 Aprili

Mama tena. Safari hii hakuuliza tu, alinihesabia. "Kutoka mlangoni mpaka kiti cha baba yako ni hatua saba. Unakumbuka? Kutoka kwenye kiti mpaka kabatini ni nne. Kutoka hapo mpaka jikoni ni tisa, na kizingiti."

"Nakumbuka, mama."

"Pima basi, uone kama nimekosea."

Nikajifanya napima. Nilisimama nilipo, nikasubiri, nikasema umepatia. Alifurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Nimekata simu. Haya maswali ya kila wiki, neno kwa neno. Mama anaanza kurudia mambo. Mama anasahau kwamba aliuliza. Sitamwambia kaka hata kwa dawa, maana ndicho anachokitafuta. Akirudi huku, akakaa kwake, kichwa chake kitatulia.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Daraja la njiani limekatika. Hakuna basi linalopita.

Jumamosi, 19 Aprili

Walikuwa waje leo kama daraja lingekuwepo. Nimefua mashuka ya kitanda cha mama, hayakauki, nimeyaanika ndani juu ya viti, nyumba nzima inanuka sabuni yake. Sikutegemea harufu ya sabuni ingenifanya nikae chini ya shuka nilie mchana kweupe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Namtaka mama yangu. Nina miaka hamsini na moja na namtaka mama yangu, basi.

Jumanne, 22 Aprili

Nimehamisha taa sentimita kumi kushoto. Nimeirudisha.

Jumapili, 27 Aprili

Jua limetoka saa mbili nzima. Mama: "Kiti kipo palepale?" Nimesema kipo huku natazama pahali kilipokuwa. Uongo ukishauzoea unatoka mdomoni laini kabisa.

Jumamosi, 3 Mei

Daraja limetengenezwa. Wanakuja Alhamisi, kaka, wifi na mama. Mapazia ya sebule, ambayo nimeyashona mara tatu na kuyafumua mara mbili, yametundikwa.

Alhamisi, 8 Mei

Ni jioni. Mama amelala. Nitaandika kila kitu nilivyokiona, nisije nikajidanganya baadaye.

Walifika saa tisa kwa gari la kukodi. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, ya zambarau, na viatu vya kufunga. Amekonda. Nilimkimbilia getini. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akapitisha vidole gumba kwenye nyusi zangu, kwenye mashavu, kidevuni, polepole. Nikadhani ni hamu. Nami nilikuwa na hamu yangu, sikuchunguza kitu.

Wifi alimshika kiwiko. Mama akautoa mkono wake taratibu. "Niacheni sasa," alisema. "Hapa ni kwangu."

Alipanda ngazi mbili za barazani bila kusita. Alifungua mlango mwenyewe, kitasa alikipata mara ya kwanza. Mimi nilimzunguka nikaingia mbele yake, kwa sababu nilitaka kuuona uso wake akiona. Miezi miwili nilikuwa naungojea uso huo. Taa nilikuwa nimeiwasha, mapazia nimeyafunga nusu, kila kitu kimeng'aa.

Mama hakutazama ukuta wa kijani. Hakutazama mapazia wala kabati. Aliinua kichwa, akatabasamu mbele tu, akaanza kutembea. Midomo ilikuwa inacheza. Kaka alisimama mlangoni amefunga mikono kifuani, anamwangalia miguu. Hatua ya tano alikanyaga zulia, akasita, nikaona wasiwasi ukipita usoni, kisha akaendelea. Sita. Saba. Akageuka kwa madaha kama alivyogeuka maisha yake yote, akakusanya gauni lake kwa nyuma, akakaa.

Hapakuwa na kiti.

Alianguka chali. Bega liligonga ukingo wa meza ya kioo na mkono ukabaki chini yake. Mlio wa meza bado uko masikioni mwangu. Tulimfikia wote watatu kwa pamoja, lakini alikuwa anatusukuma, anapapasa zulia kwa mkono mzima, anapapasa mguu wa meza, kioo, anaacha alama za vidole kila mahali.

"Hiki nini?" alisema. "Hapa wapi?" Kisha akaita jina la kaka, kwa woga ambao sijawahi kuusikia kwake. "Mmenileta kwa nani? Nimewaambia kwangu. Hapa ni kwa nani?"

"Mama, ni kwako," nilisema. "Ni mimi nimepanga. Tazama."

Ndipo akageuza uso kuelekea sauti yangu, na macho yake yakatua pembeni ya sikio langu, yakabaki hapo. Taa ilikuwa inamulika usoni kwake moja kwa moja na hakupepesa.

Sijui kwa nini mtu anaweza kuona mapazia ya watu yamepinda nusu sentimita na asione jambo kama hili. Wifi alikuwa tayari amemkumbatia kwa nyuma, anamwambia hatua kwa hatua anachokigusa: hili ni zulia, mama, hii ni meza mpya, tuko sebuleni kwako. Alijua la kumwambia. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono yangu.

Mkono haujavunjika, umeteguka tu. Mganga wa zahanati ameufunga. Tuliporudi kaka alinivuta barazani. "Nimeona," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Jumapili asubuhi tunarudi naye. Tusibishane, mdogo wangu, nimechoka."

Ijumaa, 9 Mei

Wifi amenikuta jikoni asubuhi. Nilikuwa na maneno makali nimeyaandaa usiku, kwamba walikula njama wakanificha. Alivuta kigoda akakaa, akaanza kumenya viazi nilivyokuwa nimevishika, nami nikasahau nilitaka kuanzia wapi.

"Ni presha ya macho," alisema. "Matone ya dawa yalichelewa. Tangu Septemba haoni kabisa. Aliniapisha, wifi. Alisema ukijua utafunga cherehani ukae umlinde, na yeye hataki kulindwa na mwanawe. Alimwambia kaka yako nyumbani kwake haoni shida, anaijua yote kichwani. Kaka yako akasema basi tutajaribu."

"Ungenidokeza tu."

"Nilikudokeza. Ulinijia juu."

Akamenya kiazi kingine, kizima, ganda moja.

"Kila asubuhi tulikuwa tunafanya mazoezi barazani kwangu," alisema. "Mimi naweka kiti, yeye anatokea mlangoni. Saba, anageuka, anakaa. Nne, kabati, nilikuwa naweka ndoo ndiyo kabati. Akipotea anaanza upya. Kila simu aliyokupigia alikuwa anahakikisha tu. Alitaka siku ya kwanza aingie aketi, wewe usijue kitu."

Na mimi nilitaka siku ya kwanza aingie aone. Nilimwomba wifi msamaha hapohapo, na viazi mkononi. Akasema, "Nilidhani hunipendi tu. Nilishazoea." Tumecheka kidogo, vibaya vibaya, kicheko cha watu waliolia.

Baadaye nilikwenda kwa mama. Alikuwa amekaa kitandani, uso ukutani. Nilimweleza yote: sofa, zulia, meza. Kiti nikakiacha mwisho.

"Ulikibadilisha na nini?"

"Na taa, mama. Ya wewe kusomea."

Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, akijishika mkono uliofungwa. "Taa," alisema. "Mungu wangu, taa." Halafu akaacha kucheka. "Nikirudi kule sitarudi tena hapa, unajua. Kule nahudumiwa vizuri, wifi yako ni mtu. Lakini kule mimi ni mzigo uliowekwa kwenye kiti. Hapa ningekuwa mimi."

Nikamwambia anipe mpaka Jumapili.

Jumamosi, 10 Mei

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Makorokoro. Kiti alishakitoa, kipo kwa kinyozi wa pale kona, wateja wanangojea zamu juu yake.

Kwa kinyozi nikakikuta kiti cha baba kimevalishwa plastiki nyekundu, na juu yake limelala jibaba linakoroma. Ndani ya kijifereji cha penseli kuna kitana. Nikamweleza kinyozi shida yangu. Akanisikiliza huku ananyoa, akasema, "Mama, kiti kile wateja wanakipenda. Wakikaa hapo hawalalamiki foleni."

"Wanakaa wangapi?"

"Mmoja."

"Nitakupa sofa wakae watatu. Jipya, la kijivu. Leo hii."

Mashine ikazimwa. Alitaka kuliona kwanza, na mteja wake akamfuata, nusu ya kichwa kimenyolewa, wakaja mpaka sebuleni kwangu wakalikalia, wakatazamana. Sofa likaondoka kwa mkokoteni uleule. Jibaba tulilazimika kulingojea liamke, kwa sababu kinyozi alikataa katakata kumsumbua mteja.

Mchana kutwa mimi, wifi na kaka tumerudisha. Kaka alianza kwa kusimama tu na mikono kifuani, lakini tulipokunja zulia alisogea. Sakafuni palikuwa na viduara, kila mguu wa kila kitu na kiduara chake, vimepauka, vimezungukwa na wekundu wa nta ya miaka hamsini. Mama alivichora bila kujua, kila Jumamosi, kwa kitambaa. Kaka alipiga magoti akaweka kidole kwenye kimoja. "Hiki cha kabati," alisema. "Niliwahi kupigwa hapa kwa kumwaga wino." Akaenda kukamata upande wake wa kabati. Tulitua kila mguu katika kiduara chake, na hapakuwa na la kubishania.

Meza ya kioo wameichukua majirani. Zulia liko uvunguni kwangu. Mapazia yamebaki, ukuta wa kijani umebaki. Taa nimeitoa nje, barazani, sikutaka kuitazama.

Jumapili, 11 Mei

Begi la mama lilikuwa mlangoni, limefungwa. Dereva alikuwa ameshaambiwa saa nne.

Mama alianzia barazani na nguo ya zambarau, mkono kwenye kitambaa cha kuuning'iniza. Wifi alinishika vidole, akavibana. Kitasa. Mlango. Moja, mbili, tatu, na sauti safari hii, hakuficha. Kwenye ya sita nilifumba macho, sikuweza. Nikasikia springi zikilia.

Nilipofumbua alikuwa amekaa. Mkono mzima unatembea juu ya mbao, unatafuta, mpaka kidole kikaingia kwenye kijifereji, kikatulia humo.

"Hii plastiki inanata," alisema. "Nani kakivalisha kiti cha baba yenu kama cha basi?"

Kaka alicheka kwa pua. Mama hakusubiri, aliinuka. Nne, akagusa kabati, akasukuma mlango wake, akatoa kikombe. Tisa na kizingiti, jikoni. Tulisikia maji yakimiminika, na hayakumwagika. Akarudi na kikombe cha maji, akamnyooshea kaka, upande kidogo, kaka akasogea akakipokea.

Kaka alikunywa yote. Kisha akalichukua begi la mama pale mlangoni, akalipeleka chumbani kwake, akalifungua mwenyewe. Nilisikia droo zikivutwa.

Walipoondoka, kaka na wifi tu, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia vizuri. Wifi alikuwa ameniachia karatasi ya saa za dawa, kwa mwandiko mkubwa kama wa mtoto, na chini yake: *Chumvi aiweke mwenyewe, anapenda.*

Alhamisi, 22 Mei

Wiki mbili zimetimia tangu afike. Kaka alipiga, mama akamjibu kwamba ana kazi, apige kesho. Alikuwa anapaka sakafu nta kwa mkono mmoja, na sikuthubutu kumzuia.

Leo ameniuliza ukuta una rangi gani. Nimejaribu: kijani, lakini si kijani, ni ya jani la mgomba likianza kukauka. "Baba yako angechukia," alisema, akauweka mkono ukutani, akauacha hapo. "Endelea." Nikamweleza mapazia mpaka idadi ya marinda. Hakuna mteja aliyewahi kunisikiliza hivyo.

Halafu akauliza, "Na ile taa iko wapi?"

Nikasema barazani, namngojea Makorokoro aje aichukue.

"Ilete hapa. Karibu na kiti, upande wa kulia. Washa."

Niliileta. Nikaiwasha. Alisogeza uso taratibu, kama mtu anayetafuta upepo, mpaka joto la ile balbu likamgusa shavu, akasimama hapo.

"Ibaki," alisema. "Uwe unaiwasha ukishamaliza kushona. Nikisikia shavu limepata joto, nitajua umekuja kukaa."

Nimefunga cherehani saa kumi na mbili na robo. Nimepika chai vikombe viwili, nimewasha taa, na mama amesema, "Karibu."